Meli ikifunga gati, wapeni wageni njia ya kutembea

Barua ya wazi kwa mnaosimamia bandari, utalii, misitu, reli na Jiji la Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwongoza wageni hapa Dar es Salaam, na kazi yangu hasa ni ya miguu: kuwatembeza watu mjini na kuwapandisha vilima vya Pugu. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu jambo ninaloliomba halimo ndani ya ofisi moja. Geti ni la bandari, njia za waenda kwa miguu ni za Jiji, msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, reli ina shirika lake, na ukishavuka Pugu kidogo tu umeingia Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Ukimfuata mmoja peke yake atakujibu, na atakuwa na haki, kwamba kipande chake ni kidogo. Ndiyo maana nawaandikia nyote kwa pamoja.

Ombi langu ni hili: siku meli ya kitalii inapofunga gati, abiria anayetaka kutembea akute njia mbili zimeshaandaliwa. Moja ianzie getini na kuzunguka mji mkongwe wa Dar es Salaam. Nyingine impeleke Pugu, apande kilima, aingie msituni, na arudi kabla meli haijaondoka.

Niseme kwanza jinsi siku ya meli inavyokwenda, maana ni rahisi kudhani kwamba mgeni wa meli ni sawa na mgeni wa hoteli. Meli huingia asubuhi na mapema ikiongozwa na rubani wa bandari, hufungwa kamba, maofisa wa Uhamiaji na wa afya hufanya kazi yao, na abiria wa kwanza hushuka saa 2 au saa 3 asubuhi. Jioni ya siku hiyohiyo meli inaondoka, na abiria hutakiwa kuwa ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kufunguliwa kamba. Mgeni huyu halali kwetu wala hali chakula cha usiku kwetu. Alicho nacho ni saa saba, nane hivi. Kila anachokiona, anachokula na anachokinunua lazima kiingie humo.

Wenye uwezo zaidi huchukuliwa na ndege ndogo kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere au Mikumi, wakaona tembo na twiga, wakarudishwa jioni. Sina neno na biashara hiyo, na nawatakia heri wanaoifanya. Wengine huzungushwa mjini kwa basi, wakatazama nyumba kupitia kioo. Lakini wapo wengi wanaobaki melini au wanaoshuka bila kujua waende wapi: wazee waliochoshwa na magari, vijana wasiotaka kulipia ziara ya bei kubwa, watu waliokaa baharini siku kadhaa ambao hamu yao ni kunyoosha miguu ardhini. Hao ndio ninaowaombea.

Nimewaona nje ya geti. Mume na mke, wenye mvi, kofia za jua kichwani, ramani ya karatasi waliyopewa melini imekunjwakunjwa mkononi mwa mama. Mbele yao malori ya kontena yamepanga foleni, injini zinanguruma, vumbi linapanda. Hapakuwa na njia ya pembeni wala kibao hata kimoja cha kuwaonyesha mji uko upande gani. Bodaboda na madereva teksi wakawazunguka, kila mmoja anaita kwa sauti yake. Mama akamshika mumewe mkono. Walisimama pale kwa muda, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, kisha wakageuka na kurudi melini. Wale madereva si watu wabaya. Nawafahamu, wanatafuta riziki, na laiti wangekuwa na kituo chao na bei iliyoandikwa ukutani, wangekuwa wa kwanza kumfaa mgeni. Wale wazee walirudi kwa sababu hatua mia tano za mwanzo hazikuwa na mwenyewe.

Hatua hizo zikishavukwa, mji uko karibu mno. Ukitokea upande wa Stesheni ukaifuata Barabara ya Sokoine, maji ya bandari yakiwa kulia kwako, unalifikia Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, kwa ajili ya kuwalaza wageni wake waliokuja kwa bahari. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, na ukiingia ndani mchana wa jua kali unahisi ubaridi palepale mlangoni. Sijui mji gani mwingine ungekuwa na nyumba iliyojengwa kupokea wageni wa bahari, ikiwa bado imesimama mkabala na bandari, halafu usiwaelekeze wageni wa bahari humo.

Hatua chache mbele ni Nyumba ya Atiman, nayo ya zama za Majid. Ina jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Kila ninapoisimulia habari hii mbele ya ile nyumba, watu hunyamaza. Kisha huuliza maswali kwa nusu saa. Na bado hapo mlangoni mtu anaweza kupita mara mia asijue nyumba hiyo inabeba jina la nani.

Baada yake ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, kisha Kanisa la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu na mnara ambao abiria huuona wakiwa bado melini. Kutoka hapo ni Kivukoni, penye upepo na wauza madafu, na mwisho wa njia ni Feri.

Soko la samaki la Feri linastahili asubuhi yake. Mnada unapochangamka, samaki wamepangwa juu ya meza za saruji zinazotiririka maji: changu, kibua, nguru, jodari, pweza wa rangi ya udongo. Mnadi anapandisha bei kwa sauti isiyokatika, wanunuzi wanajibu kwa kidole au kwa kope, na aliyechelewa kukonyeza amekosa. Upande wa pili ni makarai ya mafuta, na samaki wa kukaanga anakuja na pilipili na ndimu. Mgeni akisimama hapo na mtu anayejua kumweleza kinachoendelea, saa nzima hupita bila kuhisi. Akija peke yake na kamera iliyoinuliwa, anagombana na watu, na wana haki ya kukasirika, maana wako kazini. Vilevile jirani pale ni Ikulu, ambako hakupigwi picha. Kibao kimoja chenye lugha tatu kingeepusha usumbufu mwingi kwa pande zote.

Kurudi, mtu anaweza kupitia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, akapumzika kivulini. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, linakotunzwa fuvu la zamadamu Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Halafu Barabara ya Samora na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, inayowakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Njia yote hii ni nusu siku kwa mwendo wa mzee. Inahitaji mifuniko ya mitaro, magari yaondolewe juu ya njia za waenda kwa miguu, vibao, choo safi na mahali pa kupata maji ya kunywa. Hakuna humo jambo lisilofahamika jinsi ya kulifanya.

Sasa Pugu, na naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiko moyo wangu uliko.

Jiji letu limelala kwenye tambarare, na hata wenyeji wengi hushangaa wakiambiwa tuna vilima. Viko umbali wa kilomita 25 hivi kutoka katikati ya mji, ukishapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto. Sehemu za juu hufika kama mita 300 kutoka usawa wa bahari. Huo si mlima, na ndilo jambo jema lake: mtu wa miaka sabini mwenye viatu vizuri hupanda taratibu, akapumzika anapotaka, na saa mbili au tatu humtosha. Karibu na mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya kaolini, yaani udongo mweupe, njia ni nyeupe, na viatu hutoka huko kama vimepita kwenye kinu cha unga. Mvua ikinyesha, udongo huohuo huteleza vibaya, kwa hiyo fimbo za kutembelea si anasa. Ukisimama mdomoni mwa pango, kwanza inakujia harufu kali ya mavi ya popo, kisha ubaridi, halafu ukitulia unawasikia wenyewe, milio midogo isiyohesabika gizani. Sijawahi kumpeleka mtu hapo akaomba turudi haraka.

Msitu wenyewe, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo zamani ilienea sana na leo imebaki vipandevipande. Humo anaishi sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayechakura majani makavu kutafuta wadudu. Humo yuko pia komba mdogo wa Rondo, ambaye wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1997. Uzito wake ni gramu 60 hivi, na amewahi kuwekwa katika orodha ya nyani na jamaa zao walio hatarini zaidi duniani. Mgeni wa meli hatamwona, kwa sababu hutoka usiku. Lakini kujua kwamba anapita chini ya mti aliolala kiumbe ambaye makazi yake duniani ni misitu michache tu ya pwani hii, hilo pekee hubadilisha jinsi mtu anavyotembea. Huanza kukanyaga polepole.

Waheshimiwa mnajua vizuri kuliko mimi kilichoutafuna msitu huu. Ni mkaa, ni mbao, ni viwanja. Jiji lenye mamilioni ya watu limekaa mlangoni pake na kwa miaka mingi limepikia miti yake. Na mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivihivi. Maji yanayofurika bonde la Jangwani, mjini, na kuwatoa watu majumbani, mengine yanashuka kutoka huko juu, na kila mteremko unaovuliwa miti huyaachia yashuke kwa kasi zaidi, yakiwa na tope zaidi. Kwa hiyo ninapowaombea wageni njia ya kupanda Pugu, nawaombea pia watu wa Kisarawe na Pugu sababu ya kipato ya kuuacha mti usimame. Kijana anayelipwa kumwongoza mgeni asubuhi hatauchoma mkaa msitu huohuo jioni, na atakuwa wa kwanza kumripoti anayeuchoma.

Kuna na historia. Pale Pugu, katika Chuo cha Mtakatifu Francis, ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha aliporudi kutoka masomoni Edinburgh. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 akiwa bado mwalimu wa huko, na mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo ili aishike siasa moja kwa moja. Wageni wengi wanalijua jina lake kabla hawajafika. Wanachoshangaa ni kuambiwa kwamba alikuwa akifundisha hapa, kwenye kilima hiki, wakati chama kinaanza.

Kinachomzuia mgeni kwenda Pugu ni woga wa kuachwa na meli. Nahodha humsubiri aliyetoka na ziara iliyouzwa na meli yenyewe. Aliyetoka kivyake hasubiriwi. Machi 2024, huko São Tomé, abiria wanane waliochelewa kurudi waliachwa, ikawabidi waifukuzie meli yao nchi kwa nchi. Abiria wa meli husimuliana mambo haya mezani. Sasa mwambie mtu huyo kwamba atapita Barabara ya Nyerere mchana, kwenda na kurudi, kwa gari. Akiuliza foleni ikoje, mwongozaji mkweli hawezi kumhakikishia kitu.

Lakini leo tuna jibu ambalo miaka michache iliyopita hatukuwa nalo. Treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Stesheni yake ya Dar es Salaam iko jirani na bandari, na stesheni ya kwanza baada yake ni Pugu. Mwendo wenyewe hauzidi nusu saa, na treni haikai kwenye foleni ya Gongo la Mboto. Naomba siku za meli pawe na behewa au nafasi zilizotengwa kwa ajili ya kundi la watembeaji: kwenda asubuhi, kurudi mapema alasiri, ukaguzi wa tiketi ufanyike kwa kundi zima badala ya kila mtu kufika mapema na kupanga foleni. Upande wa Pugu, magari madogo ya wenyeji yamalizie kipande kilichobaki hadi lango la hifadhi. Ratiba ya meli hujulikana miezi mingi kabla, kwa hiyo muda wa kupanga upo.

Na ratiba hiyo inagusa jambo jingine. Ziara huuzwa na kampuni za meli mapema, kupitia mawakala. Njia isiyo na bima, isiyo na waongozaji wenye leseni na mafunzo ya huduma ya kwanza, isiyo na mpango wa kumshusha mtu aliyeteguka mguu, haiwezi kuingia kwenye orodha ile. Haya tunaweza kuyatimiza. Tunachohitaji ni ofisi moja ya kutuambia masharti, kuyakagua na kutia sahihi.

Wenzetu wamefanya. Zanzibar abiria anatoka bandarini na baada ya dakika chache yuko ndani ya Mji Mkongwe, kwa miguu yake, na fedha yake inamfikia muuza viungo na mshona kofia siku hiyohiyo. Mbali zaidi kuna Kotor, mji mdogo wa pwani nchini Montenegro. Meli hufunga karibu kabisa na lango la mji wa kale, abiria anavuka barabara, anaingia, na nyuma ya makanisa anaikuta njia ya ngazi kama 1,350 inayopanda hadi ngome iliyo mita 260 hivi juu ya bahari. Analipa kiingilio, anapanda, anaitazama meli yake huko chini imekuwa ndogo, anashuka, anakula, anarudi. Kilima kile hakina tembo wala twiga. Kina njia inayoeleweka, kiingilio kinachojulikana, na uhakika wa kurudi kwa wakati.

Nasema pia kwamba kuna kuzidi. Dubrovnik, huko Croatia, ililemewa hadi mwaka 2019 ikawekwa kikomo cha meli mbili kwa siku na abiria 4,000 kwa wakati mmoja. Sisi tuko mbali na hapo, ila msitu wa Pugu ni mdogo na sitaki kuona mabasi ishirini yakiwa yamejipanga langoni. Wekeni kikomo tangu mwanzo: makundi madogo, kila kundi na mwongozaji wake, hakuna anayeacha njia, na sehemu ya kiingilio iende kwenye vijiji na mitaa inayopakana na hifadhi, kwa hesabu inayobandikwa mahali watu wanaweza kuisoma.

Upande wa majini kazi imefanyika, na nawapongeza. Gati zimeimarishwa na kuchimbwa kina hadi zaidi ya mita 14, wakati meli ya kitalii hata iliyo kubwa huhitaji kama mita 8 au 9. Meli zinaweza kuja. Upande wa nchi kavu ndio ninaoulilia: njia ya miguu iliyotengwa na malori kuanzia gatini hadi Barabara ya Sokoine, kivuli na viti getini, kituo cha bajaji na teksi chenye bei zilizoandikwa, vibao hadi Feri, na lile behewa la Pugu. Mama lishe, wauza madafu na wachonga vinyago wapewe nafasi kwenye njia hiyo kwa zamu iliyopangwa, badala ya kufukuzwa siku ya meli kana kwamba wao ni uchafu. Mgeni amekuja kuwaona wao.

Meli nyingi huja kwetu wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi masika inapokaribia. Ni miezi ya joto kali, kwa hiyo matembezi ya Pugu lazima yaanze asubuhi, na hilo linarudisha hoja kwenye ratiba ya treni. Naomba kabla ya kaskazi ijayo mkutane nyote, pamoja na wawakilishi wa waongozaji na wa mitaa ya Pugu na Kisarawe, na mkutano huo uanze kwa kutembea. Tuanzie gatini saa 2 asubuhi, tutoke getini kwa miguu, twende stesheni, tupande treni, tufike pangoni, na saa 8 mchana tuwe tumerudi bandarini. Kila mmoja aandike alipokwama njiani, na orodha hiyo iwe ndiyo ajenda. Nitawaongoza bila malipo, na siku mtakayoichagua nitakuwa getini mapema.

Wenu mtiifu,
Mwongoza wageni,
Dar es Salaam